Kupima dawa kwa mwanga: Kifaa kinachong'ara kiwandani, kinayumba dukani

Kidonge kinawekwa juu ya kifaa kinachoenea kiganjani. Kitufe kinabonyezwa, mwanga usioonekana kwa macho unakipiga, na baada ya sekunde chache jibu linatokea kwenye simu: dawa ni sawa, au si sawa. Hakuna kusaga kidonge, hakuna kemikali, hakuna kusubiri majibu ya maabara kwa wiki kadhaa.

Hivyo ndivyo teknolojia ya kupima dawa kwa mwanga wa infraredi ya karibu, ambayo wataalamu huiita NIR, inavyonadiwa kwa serikali na wamiliki wa maduka ya dawa barani Afrika. Na si uongo kwamba inafanya kazi. Viwanda vikubwa vya dawa duniani vinaitegemea kila siku.

Shida iko kwingine. Kifaa hicho hicho kikitolewa kiwandani na kupelekwa kwenye kaunta ya duka la dawa, mambo yanabadilika kabisa. Na gharama ya kutojua tofauti hiyo inamwangukia mgonjwa.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa takriban bidhaa 1 kati ya 10 za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia. Duni ni ile iliyotengenezwa na kiwanda halali lakini haikufikia kiwango, au imeharibika njiani. Bandia ni ile iliyotengenezwa kwa nia ya kudanganya. Kati ya taarifa zote zilizokuwa zimefika WHO tangu 2013, asilimia 42 zilitoka Afrika, na zilizoongoza ni dawa za malaria na antibayotiki.

Tanzania inalijua hili. Mwaka 2009 Metakelfin, dawa ya malaria iliyokuwa maarufu sana wakati huo, ilikutwa katika maduka 40 ya dawa ikiwa haina kiambato hai cha kutosha. Kwa macho ya mnunuzi ilikuwa ni pakiti ya Metakelfin kama nyingine yoyote. Aliyemeza alijiona ametibiwa, kumbe vimelea vinaendelea kuongezeka.

Kwa hiyo hamu ya kupata kifaa cha haraka inaeleweka. Mashine ya HPLC, ambayo ndiyo kipimo kinachoaminika maabara, ni ghali, inahitaji umeme usiokatika, vimiminika maalumu na mkemia aliyesomea kazi hiyo. Huwezi kuiweka kila wilaya. Tanzania ilianza mapema miaka ya 2000 kutumia Minilab, maabara ya kwenye sanduku inayotoka Ujerumani, katika vituo vya mipakani na baadhi ya hospitali. Inasaidia, lakini nayo inataka kidonge kisagwe, kiyeyushwe, na mtu akae hapo asubiri.

Mwanga unaona nini?

Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel, akiwa Uingereza, aliweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopita kwenye kioo cha prizimu. Pale pasipoonekana kitu, joto lilipanda. Huo ndio mwanga wa infraredi. Sehemu yake iliyo jirani na nyekundu, kati ya nanomita 780 na 2,500 hivi, ndiyo inayotumika hapa.

Mwanga huo ukigusa kidonge, sehemu yake inanyonywa na molekuli zilizomo, hasa zile zenye hidrojeni iliyoungana na kaboni, oksijeni au naitrojeni. Unaobaki unarudi kwenye kifaa. Kila mchanganyiko unanyonya kwa namna yake, na kifaa kinachora mstari wenye mabonde na vilima. Paracetamol ina mstari wake, chokaa ina wake, unga wa mahindi una wake.

Teknolojia hii haikuanzia kwenye dawa. Katika miaka ya 1960 Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliitumia kupima unyevu kwenye nafaka, na mpaka leo wanunuzi wakubwa wa nafaka wanaitumia. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, hapa Tanzania, wamewahi hata kuitumia kukadiria umri wa mbu wa malaria. Ni mwanga wenye kazi nyingi.

Ila kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji sana. Mistari ya NIR ni mipana na inalaliana. Kilima cha kiambato hai kinapanda juu ya kilima cha wanga, ambacho nacho kimepandwa na kilima cha maji. Hakuna binadamu anayeweza kuutazama mstari huo na kusema "hii ni amoxicillin". Kompyuta ndiyo inayofanya kazi, nayo inafanya kitu kimoja tu: inalinganisha mstari mpya na mistari iliyohifadhiwa kwenye maktaba yake.

Maana yake kifaa hakipimi kama dawa ni nzuri. Kinapima kama inafanana na ile iliyowahi kuonyeshwa. Hapo ndipo njia ya kiwanda na ya duka zinapoachana.

Kiwandani, swali ni dogo

Ndani ya kiwanda, bidhaa inajulikana. Viambato vinajulikana, mtengenezaji wa kila kimoja anajulikana, uzito wa kidonge unajulikana, hata unyevu wa chumba unadhibitiwa. Wakemia wametumia miezi wakipima sampuli kwa NIR na kwa HPLC kwa pamoja, mpaka kompyuta ikajua kiwango fulani cha dawa kinachora mstari wa aina gani. Baada ya hapo swali linalobaki ni jepesi: je, hii ya leo inafanana na ile ya jana?

Kwa utaratibu wa zamani, kiwanda kikitoa toleo la vidonge laki kadhaa, vichache tu ndivyo vinavyopelekwa maabara. Kipimo cha kuangalia kama dawa imegawanyika sawa kwenye vidonge kinaanza na vidonge 10, na kama kuna shaka vinafika 30. Vingine vyote vinaaminiwa kwa kuwa ni ndugu wa hivyo vichache. Kwa NIR, kiwanda kinaweza kutazama unga ukiwa bado unazunguka ndani ya mashine ya kuchanganyia na kujua ni wakati gani umechanganyika sawasawa. Kinaweza kuangalia kama chembechembe zimekauka kabla hazijagandamizwa kuwa vidonge. Kosa linaonekana kabla halijawa vidonge laki tatu.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo mwaka 2004 wa kuhimiza viwanda kupima bidhaa wakati inatengenezwa badala ya kusubiri mwisho. Mwaka 2016 iliiruhusu kampuni ya Janssen kutengeneza Prezista, dawa ya virusi vya UKIMWI, kwa mtiririko usiokatika, yaani malighafi zinaingia upande huu na vidonge vinatoka upande ule bila kusimama. Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kwenda bila vipimo vya papo kwa papo, na NIR ni mojawapo ya macho yake makuu. Mwaka 2021 FDA ikatoa mwongozo mahsusi kuhusu NIR, unaoeleza mtengenezaji anatakiwa kuthibitisha nini kabla ya kuruhusiwa kuitegemea.

Mwongozo wa aina hiyo haupo kwa mtu anayenunua kifaa cha mkononi na kukiweka dukani.

Pipa lililoua watoto

Kama kuna mahali NIR inaweza kuokoa maisha kwa uhakika, ni kwenye mlango wa kupokelea mizigo kiwandani. Indonesia ni mfano unaoumiza.

Mwaka 2022 zaidi ya watoto 200 walikufa nchini humo baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi, na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa za maji. Kiwanda kimoja, Afi Farma, kilikuwa kimepokea mapipa yaliyoandikwa propilini glikoli, kiyeyushi cha kawaida kwenye dawa za watoto. Waendesha mashtaka walisema ndani yake mlikuwa na asilimia 96 hadi 99 ya ethilini glikoli, kemikali ya viwandani yenye sumu. Kiwanda hakikupima. Kiliamini cheti kilichotoka kwa muuzaji. Novemba 2023 mahakama iliwahukumu mkurugenzi mkuu na maofisa watatu kifungo cha miaka miwili kila mmoja.

Yaani si kwamba sumu ilijificha ndani ya dawa. Pipa zima lilikuwa kitu kingine. Kemikali hizo mbili zinachora mistari tofauti, na fundi mwenye NIR iliyoandaliwa vizuri angeweza kulipima pipa mlangoni kwa muda mfupi kuliko ule wa kulishusha kwenye lori. Kanuni za utengenezaji bora wa dawa zinataka utambulisho wa malighafi uthibitishwe kwenye kila chombo, si kwenye kimoja kwa niaba ya wenzake. Kwa kemia ya kawaida hiyo ni kazi ya siku nyingi, na ndiyo maana wengi wanaikwepa. Kwa mwanga ni kazi ya asubuhi moja.

Lakini hata hapa kuna mpaka. Kiwango kinachokubalika cha sumu hizo kwenye malighafi ni kisichozidi asilimia 0.1. Kama mtu amechanganya kidogo tu, NIR inaweza isione kitu. Hapo inatakiwa kromatografia ya gesi, hakuna njia ya mkato.

Oktoba mwaka huo huo WHO ilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji zilizotengenezwa India na kuhusishwa na vifo vya watoto nchini Gambia, ambavyo baadaye vilifika takriban 70. Aprili 2024 mamlaka ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kukuta sumu ya aina hiyo kwenye toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto ya Johnson & Johnson iliyotengenezwa Afrika Kusini. Kenya, Tanzania na Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoiondoa sokoni. Kenvue, kampuni inayomiliki chapa hiyo, ilisema vipimo vyake havikuikuta sumu hiyo. Ubishi wa namna hiyo unaamuliwa na maabara. Kifaa cha mkononi hakina la kusema hapo.

Dukani, hesabu zinagoma

Nigeria ndiyo nchi ya Afrika iliyojaribu zaidi njia ya vifaa vya mkononi. NAFDAC ilianza mwaka 2010 na vifaa vya Raman, ndugu wa NIR anayetumia leza. Baadaye zikaja NIR zinazotumia akili mnemba na kuunganishwa na simu.

Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliochukua sampuli 246 za dawa kutoka kanda zote sita za nchi hiyo: za maumivu, malaria, antibayotiki na shinikizo la damu. Kila moja ikapimwa mara mbili, kwa NIR ya mkononi na kwa HPLC. Kwa HPLC, robo ya sampuli zilifeli. Kifaa cha mkononi kilizigundua asilimia 11 tu ya hizo zilizofeli. Kwa zile zilizokuwa nzuri, kilizitambua kuwa nzuri asilimia 74.

Asilimia zinaweza kupoteza maana, kwa hiyo tuhesabu vidole. Robo ya 246 ni dawa 62 hivi mbovu. Kifaa kilizikamata karibu 7. Nyingine 55 ziliambiwa ni sawa. Upande wa pili, kati ya dawa nzuri kama 184, karibu 48 ziliambiwa ni mbovu.

Sasa fikiria mkaguzi aliyekiamini. Amekamata dawa 55, na kati yake 7 tu ndizo zenye kosa. Wenye maduka 48 wamenyang'anywa mali halali, na wagonjwa wao wameambiwa dawa waliyomeza ni feki. Na dawa 55 mbovu kweli zimerudi kwenye rafu, safari hii zikiwa na baraka za mashine.

Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Duka lisilo na kifaa, muuzaji anabaki na wasiwasi kidogo. Duka lenye kifaa kinachokosea, wasiwasi unaondoka na mbovu inabaki.

Kwa nini kinateleza?

Sababu ya kwanza ni maktaba. Soko la Afrika Mashariki au Nigeria lina chapa chungu nzima za dawa moja, nyingi kutoka India na China, nyingine za hapa hapa. Kiambato hai kinaweza kuwa kile kile, lakini wanga, gundi na rangi vinatofautiana. Kifaa kilichofundishwa chapa tatu kikionyeshwa ya nne kinaona sura ngeni. Mwingine atakiita ngeni bandia.

Sababu ya pili ni kiasi. Kidonge cha paracetamol cha miligramu 500, sehemu kubwa yake ni dawa yenyewe. Mwanga unaiona. Lakini chukua misoprostol, kidonge anachopewa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua. Kina maikrogramu 200 za dawa ndani ya kidonge chenye uzito wa miligramu 200 hivi, yaani sehemu 1 kati ya 1,000. Misoprostol pia ni dawa inayoharibika upesi ikipata unyevu. Kwa hiyo dawa ambayo ingehitaji kuchunguzwa kuliko nyingi, ndiyo NIR inayokaribia kutoiona kabisa. Dawa za sindano zilizo kwenye maji zina tatizo linalofanana: maji yanaufunika mstari wote.

Ya tatu ni hali ya hewa. Maji yananyonya mwanga huu kwa nguvu karibu na nanomita 1,450 na 1,940. Kidonge kilichokaa miezi kwenye duka la Tanga au Mombasa kimevuta unyevu ambao mwenzake aliyetumika kufundishia kifaa, kwenye chumba chenye kiyoyozi, hakuwa nao. Mstari unahama hata kama dawa haijapungua.

Na kuna tofauti kati ya feki na duni. Utafiti uliochapishwa 2021 ulipima vifaa 12 vya aina mbalimbali. Dawa isiyo na kiambato hai kabisa, au yenye kiambato kingine, vifaa vingi viliikamata vizuri. Yenye nusu ya kiwango, au asilimia 80, vingi vilihangaika. Yaani unga wa chokaa uliopakwa rangi unakamatika. Antibayotiki iliyopungua nguvu, ile inayozoesha vijidudu dawa, inapita.

Ahadi ya simu nayo ina historia. Mwaka 2014 kampuni ya Consumer Physics ya Israel ilikusanya zaidi ya dola milioni 2 mtandaoni kwa ajili ya SCiO, kifaa kidogo cha NIR kilichoahidi kutambua chakula na vidonge. Januari 2017 Changhong ya China ilionyesha Marekani simu ya H2 yenye kihisi hicho ndani yake. Simu hizo hazikuenea. Kihisi hakikuwa kikwazo kikubwa. Kulikosekana mistari ya kulinganishia, ya kila chapa, ya kila toleo, ya kila hali ya hewa.

Nani anaweza kujenga maktaba?

Hapa Afrika Mashariki ina karata ambayo haijaichezesha. Kila dawa inayoingia sokoni kihalali lazima isajiliwe, na mtengenezaji anawasilisha sampuli kwa mamlaka. Tanzania ni TMDA, ambayo Desemba 2018, ikiwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la WHO kwa udhibiti wa dawa. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Sampuli hizo ni halisi, zina chanzo kinachojulikana, na maabara ya TMDA ilitambuliwa na WHO tangu 2011. Kuzipiga mwanga siku zinapofika, na kuhifadhi mstari wake pamoja na majibu ya HPLC, ni kazi ya dakika.

Muuzaji wa kifaa hawezi kuzipata sampuli hizo kwa njia yoyote ya uhakika. Ananunua dukani na kukisia kuwa ni nzuri, kisha anamfundisha mashine kwa hicho alichokisia.

Tangu 2012 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mpango wa kuoanisha usajili wa dawa, unaoziwezesha kutathmini maombi kwa pamoja. Mistari ya NIR ingeweza kusafiri ndani ya mpango huo huo, mkaguzi wa Namanga akatumia kilichopimwa Dar es Salaam au Kigali. Kwa dawa kumi au kumi na tano zinazoghushiwa zaidi, si kwa kila kidonge kilichopo duniani. Jibu la kifaa likawa "peleka maabara" au "endelea", lisiwe hukumu.

Kikwazo kimoja ni cha kiufundi na hakikwepeki. Vifaa viwili vya NIR, hata vya kampuni moja, havichori mstari sawa kabisa, na vya kampuni tofauti vinapishana zaidi. Mistari iliyochukuliwa kwa kifaa cha aina moja haihamishiki kwenye kingine bila kazi ya kuirekebisha. Nchi zikinunua kila moja kifaa chake kutoka kwa mfadhili wake, kama ilivyo kawaida, kila moja italazimika kuanza maktaba yake upya. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ni kukubaliana aina moja ya kifaa, na unapaswa kufanyika kabla ya tenda ya kwanza kutangazwa.